Ekseli Nyembamba ya Mama Mkwe

Ekseli ya nyuma ilipokatika kwa mara ya tatu, mama mkwe wangu, ambaye ni mkunga, alikuwa kwenye usukani katika kona ya mwisho ya mlima, na kwenye kiti cha nyuma alikuwapo mwanamke aliyeshikwa na uchungu. Ekseli ni ile fimbo ya chuma inayotoka katikati ya gari kwenda kuzungusha gurudumu. Ikikatika, injini inanguruma bure, na kama gari liko mlimani linaanza kurudi kinyumenyume. Gari lile la zamani lina tabia nyingine mbaya: breki yake ya mkono haikamati magurudumu, inakamata shafti ndefu inayotoka kwenye giaboksi. Ekseli ikishakatika, breki hiyo inabaki pambo. Kwa hiyo mama mkwe alikanyaga breki ya mguu kwa miguu yote miwili, akageuza shingo, akaanza kumwelekeza mama wa watu namna ya kupumua.

Mtoto alizaliwa humo humo garini. Aliyempokea ni dada aliyekuwa akimsindikiza mzazi, kwa maelekezo ya mkunga ambaye hakuweza kusogea. Mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Waashi waliokuwa wakijenga ukuta karibu na pale walileta mawe wakayatia nyuma ya magurudumu. Shemeji yangu mkubwa alipofika alimkuta mama yake bado amekanyaga breki. Mawe yapo, mtoto ameshaviringishwa kwenye shuka, na yeye hajaondoa miguu. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo, lakini miguu ilikuwa inatetemeka.

Nawaeleza haya mapema ili msije mkamwona shemeji yangu mtu mbaya. Mimi nilimwona mtu mbaya kwa muda, na nilifurahia.

Kikao cha familia kilifanyika sebuleni kwake, kwenye makochi ambayo bado yamevishwa nailoni ya dukani. Shemeji ni msimamizi wa ghala la saruji, na anaongea na watu kama anavyopanga mifuko: wewe kaa pale, wewe panda juu.

"Mama," alisema, "gari linakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wewe unashuka, unaishi hapa. Chumba cha wageni kiko tayari, nimeshakipaka rangi."

"Rangi gani?" mama mkwe akauliza.

"Ya maziwa."

"Siipendi."

"Mama, nazungumzia maisha yako."

"Na mimi pia. Zahanati iko juu, na nyumba yangu imeshikana nayo ukuta kwa ukuta. Nikishuka, hao wenye uchungu watapandishwa na nani?"

Mume wangu, ambaye ni mtoto wa pili, alikuwa anakagua kucha zake. Mume wangu ni mtu wa amani, yaani anawaogopa wote sawasawa. Ndipo mama mkwe akanigeukia mimi.

"Mkwe wangu, si wewe ndiye unayekereza vyuma?"

Ndiyo kazi yangu. Mashine ya kukereza, ile inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga, niliachiwa na marehemu baba, na mtu akiniletea chuma kilichokufa namtolea pacha wake. Ekseli za gari lile hazitengenezwi tena na wenyewe, na hizi za dukani zinatengenezwa na watu ambao nadhani hawajawahi kuuona mlima. Zinavunjika kama biskuti. Nilikuwa nimelisema hilo siku nyingi, ila katika ukoo ule neno la mkwe husikika chai ikishapoa.

"Nitakutengenezea ekseli," nilisema, "ambayo mlima utakatika kwanza."

Najua. Lakini nilikuwa nimeudhika, na nailoni ya makochi ilikuwa inaninata mapajani.

Shemeji alininyoshea kidole. "Sawa, shemeji. Tengeneza. Lakini ikikatika tena, hata mara moja, hakuna kikao kingine. Mama anashuka."

"Nimekubali," mama mkwe akasema.

Na mama mkwe akishasema amekubali, hata yeye mwenyewe hawezi kulitengua neno lake. Nilipofika nyumbani ndipo nilipotambua kwamba nyumba ya mtu na kazi yake vimening'inia kwenye fimbo ya chuma ambayo hata sijaianza. Sikuogopa. Nilikasirika, na kwangu mimi hasira ni dizeli.

Karakana naigawana na fundi wa giaboksi tunayemwita Difu. Difu ni lile sanduku la gia lililo katikati ya ekseli mbili za nyuma, na jina limempata kwa sababu analipenda kuliko watu. Upande wangu una mashine, pipa la oili chafu na nyuzi za chuma sakafuni. Upande wake una meza ambayo hakuna aliyewahi kuuona uso wake.

"Mfupa uliomshinda fisi," alisema aliponiona napima, "mkerezaji atauweza?"

"Fisi hana mashine."

Nilichukua shafti ya lori bovu, chuma cha kweli kweli, nikaikereza. Na hapo nilifanya kosa ambalo ni mkerezaji tu anayeweza kulifanya, na kadiri alivyo hodari ndivyo anavyolifanya vizuri: niliacha nyama yote ya chuma iliyoweza kuingia. Ekseli ile iliingia kwenye ganda lake ikajaa tele. Meno ya mwisho wake, yale yanayoshikana na gia ndani ya difu, niliyakata manene. Kisha nikaichoma mpaka ikaiva nyekundu, nikaizamisha kwenye oili, na moshi ukatutoa wote nje. Ilipopoa nilipitisha tupa juu yake, tupa ikateleza bila kuacha alama. Nilimwita mume wangu aje aione. Alisema ni nzuri. Angesema nini kingine.

Jirani zetu wana yadi ya mbao, yenye njia ya zege iliyoinuka kwa ajili ya malori. Tulilijaza gari mchanga, Difu akashika usukani, mimi nikasimama kando nimekunja mikono. Alisimama katikati ya mwinuko, kisha akaiachia klachi kama mama mkwe anavyoiachia, yaani bila huruma. Ulisikika mlio mmoja mzito, gari likashtuka, likagoma. Difu alilirudisha chini polepole kwa breki ya mguu, akashuka kuchukua spana.

Tulifungua. Ekseli yangu ilikuwa nzima, inang'aa, haina hata mkwaruzo. Zilizopasuka ni gia za ndani ya difu, meno yake yamelala chini kwenye oili.

"Umeuhamisha ugonjwa," Difu akasema. "Hujautibu."

Nilimwambia mambo kuhusu gia zake ambayo sitayarudia hapa. Niliwataja waliozitengeneza, na mama zao. Nikalipiga teke pipa la oili, nalo halikunihurumia, nikachechemea kwenda kukaa juu ya tairi. Difu alingoja nimalize.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema.

"Usinipe methali, nipe gia."

"Gia ninazo. Nina maiti mbili za difu pale, nitaunga moja zima. Lakini ukiirudisha ekseli hiyo, dada, na hilo nalo litakufa. Lazima kitu fulani kilegee. Ukikataa wewe, atalegea jirani."

Lililoniuma si mguu. Lililoniuma ni kwamba alikuwa anasema kweli.

Nilipanda mlimani kwa miguu, nachechemea, kwenda kumwambia mama mkwe mwenyewe kabla hajaambiwa na mwingine. Nilimkuta jikoni, mlango uko wazi, anaponda vitunguu saumu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Imekatika?"

"Haijakatika. Imevunja vingine."

"Basi bado sijashuka."

"Bado."

"Kaa. Mguu umefanya nini?"

"Pipa."

Aliendelea kuponda, nami nikatazama alichokuwa anapondea. Kilikuwa kipande cha chuma cha urefu wa kiganja, chenye meno pande zote.

"Mama, hicho umekitoa wapi?"

"Ni ekseli. Ile ya kwanza kukatika. Fundi alinipa kilichobaki ndani, nikaona nisikitupe, kina uzito mzuri." Alionyesha kwa kidevu. "Ya pili ile pale inazuia mlango. Ya tatu nimeitia chini ya mguu wa meza, ilikuwa inayumba."

Nilipiga magoti pale pale, nikatoa cha mlangoni, nikatoa cha mezani, nikamnyang'anya na cha vitunguu. Nilivipanga juu ya meza, nayo ikaanza kuyumba. Vilikuwa sawa. Si kukaribiana, sawa kabisa, kama vimekatwa na msumeno mmoja. Vyote vitatu vilikuwa vimekatika pale meno yanapoishia na fimbo laini inapoanza.

"Zinalingana," nilisema.

"Nilijua. Ndiyo maana nikavipenda. Ningepata cha nne ningefanya miguu ya stuli."

Sikucheka, nilikuwa nimeshaanza kuona. Meno hukatwa ndani ya fimbo, kwa hiyo kwenye mabonde yake chuma ni chembamba kuliko fimbo yenyewe. Gari linapovuta mlimani, fimbo inasokotwa. Fimbo nene haikubali kusokoteka, inausukuma msokoto wote mpaka mwisho, kwenye ule mpaka mwembamba, na hapo ndipo panapokatika kila siku. Mimi nilikuwa nimenenepesha meno pamoja na fimbo, nikawa nimeukataza msokoto kulala popote, ukapita moja kwa moja mpaka kwenye gia za Difu. Dawa ilikuwa kinyume cha kila kitu nilichokifanya. Meno yabaki manene, lakini fimbo ipunguzwe mpaka iwe nyembamba kuliko mabonde ya meno, ili isokoteke kidogo kidogo urefu wake wote, kisha irudi. Ili niitie nguvu ilibidi niikondeshe.

Nilimweleza mama mkwe, kwa mikono na kwa kelele. Alisikiliza akifuta meza kwa kitambaa.

"Itawezekana?"

"Itawezekana."

"Unasema hivyo kwa sababu unajua, au kwa sababu wewe ni wewe?"

"Safari hii najua."

Alikaa. Alikunja kile kitambaa, akakikunjua. "Mwanangu, nikuambie kitu, na usimwambie kaka mtu. Siku ile niliogopa. Miguu ilikuwa inaniambia niachie. Lakini kuna kinachoniogopesha zaidi, nacho ni kile chumba. Kila asubuhi mtu anagonga mlango kuniuliza kama nimekula. Mimi nimezoea kugongewa mlango na mtu anayenihitaji."

Nilimpenda sana saa ile, nikamwambia hivyo hivyo, naye akaniambia nirudishe vipande vyake vyote mahali pake kabla sijaondoka.

Difu aliponiona nimeifunga tena shafti ya lori kwenye mashine na kuanza kuila katikati, aliweka spana chini.

"Unaikondesha?"

"Naikondesha."

"Watu wote duniani wanaongeza nyama, wewe unatoa."

"Umesema lazima kitu fulani kilegee. Nimechagua kilegee hapa, ambapo nimekiandalia nafasi ndefu ya kulegea."

Alikuja akatazama kwa karibu, akapitisha kidole, akanyamaza. Kwa Difu huko ndiko kupiga makofi.

Nilikereza mbili, ya kulia na ya kushoto, maana ukiimarisha mguu mmoja tu, unaolemaa ni ule mwingine. Pale unene unapobadilika sikuacha ngazi hata ndogo, niliuteremsha polepole mpaka jicho lisione unapoanzia. Nilizichoma nikazizamisha kwenye oili, kisha nikazirudisha kwenye moto mdogo zitulie, kwa sababu chuma kigumu sana ni kama mtu mgumu sana, siku yake ikifika kinapasuka bila kuaga. Mwisho nikazisugua kwa msasa laini, kwa urefu, siyo kwa kuzungusha. Mkwaruzo wa kuzunguka ndio mlango wa ufa. Kazi hiyo ya msasa inachosha mabega na haionekani na mtu yeyote, na niliifanya kwa furaha kubwa. Juu ya kila moja nilichora mstari mmoja mweupe ulionyooka, kutoka mwisho mpaka mwisho. Kama chuma kingesokoteka kisirudi, mstari ungenionyesha.

Siku ya kupanda, shemeji alikuja amevaa viatu vya ofisini. Alileta pia mifuko ya saruji kutoka ghalani kwake, akasimamia mwenyewe ikipakiwa nyuma ya gari.

"Tupate uhakika," alisema.

"Ongeza mmoja," nilimwambia.

Aliongeza miwili. Mume wangu alisema atatungoja chini ili awe wa kwanza kutupongeza. Difu naye alibaki, akasema hawezi kulisikiliza difu lake likiteseka. Mama mkwe akashika usukani, shemeji akakaa pembeni yake, mimi nikapanda nyuma juu ya mifuko. Mwanangu wa chuma alikuwa chini yangu, pande mbili, na nilikuwa nimekaa kwa starehe kama niko sebuleni kwangu.

Gari lilipanda. Kona ya kwanza, ya pili, mteremko mdogo, kisha ile njia iliyosimama kama ukuta kuelekea juu. Shemeji alikuwa amekamata mpini wa mlango na mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu, mahali ambapo hakuna breki. Tulifika kwenye kona ya mwisho, na pale, panapoinuka kuliko kote, mama mkwe akasimama.

"Mama, kuna nini?"

"Hapa ndipo ilipokatika."

Alizima injini. Akatoa gia. Akavuta breki ya mkono, ile ile ambayo bila ekseli ni pambo. Kisha akaondoa miguu kwenye breki, yote miwili, akaisogeza upande wa mwanawe akainyoosha. Gari lilikaa. Mifuko ilikuwa inaegemea mgongo wangu, na chini yangu nilihisi chuma kimeubeba mzigo wote, kimejikaza, kimya. Kwa mbali nilisikia mwashi anagonga tofali.

"Siku ile uliitazama miguu yangu," mama mkwe akasema. "Itazame na leo."

Shemeji aliitazama. Ilikuwa imetulia, kwenye raba zake nyeupe za kazi. Akafunika uso kwa kiganja, na mabega yake yakatikisika.

"Nilidhani nimekuchelewa," alisema. "Siku ile, nikipanda huku kwa miguu. Nilidhani nitakukuta huko chini bondeni."

"Najua, baba. Hukunichelewa."

Mimi nilitazama pembeni. Hata mtu mwenye ulimi kama wangu anajua pa kuufunga.

Mama mkwe aliwasha injini, akakanyaga klachi, akaingiza gia. Kuanza safari katikati ya mwinuko, na mzigo, ndiko kunakokata ekseli. Akaiachia klachi kama kawaida yake, bila huruma. Kwa nukta moja gari halikwenda popote, na najua nukta hiyo ilikwenda wapi: ilijisokota ndani ya fimbo niliyoikereza mimi. Kisha likaondoka, laini, likatupeleka mpaka mlangoni pa zahanati.

Juu tuliinua gari kwa jeki, nikafungua nati za kitovu cha gurudumu, nikaivuta ekseli ya kulia nje ikiwa bado na joto. Niliifuta kwa kitambaa. Mstari mweupe ulikuwa umenyooka kama nilivyouchora. Nilimpa shemeji. Aliishika mikono miwili, akafumba jicho moja, akautazama mstari kuanzia mwisho mpaka mwisho.

"Mbona nyembamba hivi?"

"Ile ya mwanzo ilikuwa nene. Ilikataa kupinda hata kidogo, ikamvunja aliye jirani yake."

Alinitazama. Akamtazama mama yake. "Unanisema mimi."

"Nasema ekseli, shemeji."

Mama mkwe alikuwa ameshaanza kucheka, kile kicheko chake cha puani. Shemeji naye akacheka, kwa kuchelewa, kama mtu anayetafsiriwa utani. Alinirudishia ekseli kwa uangalifu.

"Tengeneza na ya akiba," alisema. "Awe nayo humu ndani."

"Kile chumba chako," mama mkwe akasema, "kipake rangi nyingine. Nitakuja Jumapili, nile, nilale kidogo mchana. Jioni nitarudi kwangu, na nitajiendesha mwenyewe."

Shemeji aliitikia kwa kichwa. Mlango wa zahanati ukafunguliwa, mwanamke mwenye tumbo kubwa akatokeza akauliza kama mkunga yupo. Mama mkwe alisema yupo, akanawa mikono, akaingia ndani.